Akiba Haiozi, Bali Hufutwa

Nasimama kinyume na mstari mmoja. Si mshororo wa shairi, bali amri ambayo mafundi wa kompyuta huikabidhi mashine ili kila usiku ifute nakala za akiba zilizopita siku 30: `find` hutafuta, `-mtime +30` hupima umri, `-delete` hufuta. Husifiwa kwa ufupi wake. Mimi naulaumu kwa upofu wake.

Umri si kipimo cha thamani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Kwa hukumu ya siku 30, nani angeisikia sauti hiyo leo hapa Unguja? Shairi lililokwisha kusarifiwa haliguswi tena, na tarehe ya faili lake husimama palepale. Likinakiliwa leo kwa `rsync -a`, nakala hubeba tarehe ile ile ya asili. Usiku mashine huiona kongwe, ikaifuta kabla haijalala hata siku moja ghalani.

Kuna hatari kubwa zaidi. Diski ikijaa au nywila ikibadilishwa, kazi ya kunakili husimama kimya, lakini ya kufuta haisimami. Baada ya mwezi ghala ni tupu, na amri haikukosea hata herufi. Wala hakuna kapu la taka la kupekua: kilichofutwa hivyo hakipitii huko.

Nitajibiwa kwamba nafasi ni fedha. Kweli, nami sisemi tusifute. Nasema tuhesabu kwanza. Amri ibakize nakala saba za mwisho, ziwe na umri wowote. Ithibitishe kwamba ya leo imepatikana nayo inafunguka. Iandike jina la kila inachokifuta, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na diwani zilizokamilika ziwekwe mbali na njia yake kabisa.

Kiswahili kimetupa neno moja, kuhifadhi, lenye maana ya kutunza na ya kukariri moyoni. Aliyehifadhi utenzi hausahau kwa kuwa mwezi umeandama. Mashine tunayoiita hifadhi nayo istahili jina hilo.

Mchwa na unyevu wa Mji Mkongwe hula miswada yetu bila kutuomba idhini. Amri hii tunaiandika kwa mikono yetu wenyewe.