MANENO YA HATAZA YASOMWE KWA JICHO LA FUNDI

Masika yanapoanza, wenye nyumba wa Kibaha na Kisarawe huyajua maungio ya mapaa yao kuliko mhandisi yeyote. Maji hayapiti katikati ya bati. Hupita pale bati linapokutana na ukuta, au pale bomba linapotoboa paa. Fundi atakayebuni namna mpya ya kukunja bati la kuziba mahali hapo ana haki ya kuomba hataza BRELA. Lakini hataza hulinda kile tu alichokidai kwa maandishi. Asichokidai ni cha umma.

Tuseme ameandika kwamba ukingo wa bati lake "umesimama wima". Jirani yake anatengeneza la namna ileile, ila ukingo umeinama kidogo. Je, ameingilia haki ya mwenzake?

Shauri la namna hii lilikwisha kuamuliwa Uingereza. Kampuni ya Catnic ilikuwa na hataza ya linta ya chuma, ile boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha, na madai yake yalitaja bamba la nyuma lililosimama wima. Kampuni ya Hill & Smith ikatengeneza linta ambayo bamba lake liliinama digrii 6, na nyingine digrii 8. Mahakama ya Rufani iliipa ushindi Hill & Smith. Mwaka 1980 Baraza la Malodi likaitengua hukumu hiyo. Lord Diplock alieleza kwamba maneno ya hataza hayana budi kusomwa kama ayasomavyo mtu wa kazi hiyo, wala si kwa uchambuzi wa neno mojamoja waliouzoea mawakili. Kwa mwashi, bamba lililoinama kiasi kile hubeba karibu mzigo uleule.

Twaafiki, lakini kwa tahadhari. Wenye mikorosho Kisarawe wanaelewa ubaya wa mpaka wa shamba usiojulikana ulipo, na mshindani naye ni mwananchi mwenye haki ya kujua mahali asipovuke.

Jambo hili latuhusu zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 ilitungwa kwa Kiingereza, na wengi hudhani kwamba lugha yetu haina maneno ya kupimia mambo hayo. Wanakosea. Mwashi yeyote wa Kibaha hutofautisha nguzo iliyo wima na nguzo iliyo sawa na timazi. Ya kwanza imesimama. Ya pili imepimwa kwa uzi. Kamusi ikisomwa bila fundi, tofauti hiyo yaweza kupotea, na haki ya mtu ikapotea pamoja nayo.

Kwa hiyo tunaitaka BRELA, ikishirikiana na BAKITA, iwakalishe waashi, maseremala na mafundi bati, iyakusanye maneno yao ya kazi na kuyachapisha kwa ajili ya waombaji na mahakimu. Ifanye hivyo sasa, kabla rufani haijafika mezani kwa majaji.

Na fundi anayepeleka ombi lake leo, kama ukingo wa bati lake hufanya kazi hata ukiinama kidogo, aandike hivyo.