Fundi na Vanishi Isiyokauka

Seremala wa Ngaremara, penye barabara itokayo Isiolo kwenda Archer's Post, aweza kudhani kwamba jua kali la nchi ile ni msaidizi wake. Hupaka meza vanishi, kisha huitoa uani ikauke upesi. Baada ya saa chache juu pameota ngozi, chini bado ni mbichi. Akiongeza mkono wa pili vanishi hukunjamana, na mwenye meza hukataa kulipa.

Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo iliyofuliwa. Tapentaini huruka kwanza, ndipo mafuta yenyewe huvuta oksijeni ya hewa na kuwa magumu. Basi kinachotakiwa ni hewa ipitayo na joto la kadiri. Na apake kivulini, asubuhi mapema kabla upepo haujainua vumbi, tena kwa mkono mwembamba, kwani mkono mzito hubaki mbichi chini kwa siku nyingi.

Kesho yake apitishe msasa laini. Ukitoa unga mkavu, mkono wa pili na ufuate, ukinata, angoje. Mwenye haraka kweli atumie shelaki iliyoyeyushwa katika spiriti, ikaukayo kwa muda wa saa moja hivi, ingawa kikombe cha chai ya moto huiachia alama nyeupe.

Vitambaa vyenye mafuta visirundikwe pembeni mwa karakana: hupata joto vyenyewe hata vikawaka moto. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, mpaka vikakamae.