Mshitaki si mwamuzi

Kila siku twasikia neno ushirika. Tulitazame vema. Mapatano ya Cotonou, yaliyotiwa sahihi mwaka 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, yaliagiza hivi: ugomvi upelekwe kwanza mbele ya Baraza la Mawaziri wa pande zote mbili, ukishindikana, kila upande uchague mwamuzi wake, nao wawili wamchague wa tatu. Sheria njema!

Lakini kifungu cha 96 kiliruhusu upande mmoja uchukue hatua, mazungumzo yakishindwa, bila kungoja waamuzi hao. Ndivyo mwaka 2016 Ulaya ilivyozuia msaada uliopita mikononi mwa serikali ya Burundi. Mwaka 2022 ikakiondoa kizuizi, kwa shauri lake yenyewe tena. Hatuwatetei watawala wanaotesa raia, kosa lihukumiwe. Twauliza tu: mwenye mfuko aweza kuwa mshitaki na mwamuzi pamoja? Hata kidogo!

Sasa yako Mapatano ya Samoa ya mwaka 2023. Wajumbe wa Afrika wasitosheke na kuhesabu fedha. Wadai waamuzi watatu katika kila ugomvi. Pasipo mwamuzi wa wote, ushirika ni jina tu.