Wa Kumi
Ijumaa saa kumi na mbili jioni, barabara ya Namanga hapa Kitengela haipitiki: makanga wamepandisha nauli, bodaboda zinapenya kati ya malori ya saruji, na majiko ya nyama choma ndiyo kwanza yanashika moto. Wakati huo huo, kilomita 30 hivi kutoka hapa, kwenye kona ya Uhuru Highway na University Way, Wayahudi wa Nairobi wanaingia sinagogi. Jumuiya yao ilianza mwaka 1904; jengo la sasa ni la 1955. Sabato huingia jua likizama, kama Waswahili wa kale walivyohesabu siku kuanzia magharibi. Huko London saa ya machweo huwa alasiri wakati wa baridi na usiku wakati wa kiangazi. Kwetu karibu na Ikweta ni saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Kinachonigusa zaidi ni hesabu ya watu: kwa desturi ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaume kumi wasipotimia, Torati haisomwi hadharani. Wa kumi, hata kama sauti yake ya kuimba inakwaruza, ndiye anayesubiriwa. Kisha divai hubarikiwa, mkate wa kusukwa humegwa, watu wakala pamoja. Sisi Kitengela tuna makanisa kila kona na mageti marefu kila ploti. Jirani akikosekana wiki nzima, nani atagundua? Kidole kimoja hakivunji chawa. Wikendi hii piga hodi kwa jirani. Huenda wewe ndiye wa kumi wake.