Yodeli si mali ya Wazungu peke yao

Kuna maneno yanayorudi kila mara katika mikutano yetu ya mila. Eti mtu anayemkumbuka Jimmie Rodgers anapoteza wakati, yule alikuwa Mzungu wa Marekani, mila yetu ni ngoma na marimba, basi. Mimi nasema hapana, na nitaeleza juu ya nini.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akakulia upande wa Mississippi, akafanya kazi ya breki ku treni. Ninyi watoto wa wafanyakazi wa reli, hapa ambapo treni ya kwanza ilifika Elisabethville mwaka 1910, mnayajua maisha ya namna ile: baba hayuko nyumbani, mshahara ni mdogo, safari haiishi. Mwaka 1924 munganga alimwambia ana kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Mwezi wa 8 mwaka 1927, huko Bristol, Ralph Peer alimrekodi mara ya kwanza. Kwa miaka isiyofika sita aliacha nyimbo zaidi ya 100. Siku za mwisho, mjini New York, walimwekea kitanda ili apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alikufa tarehe 26 mwezi wa 5, 1933, akiwa na miaka 35.

Sauti yake ile njo yodeli: inatoka kifuani, inaruka ghafula mpaka kichwani, inarudi. Watu wanasema ni kitu cha milima ya Ulaya. Sawa, kule wanayo. Lakini Bambuti wa Ituri je? Wanaimba vilevile, bila maneno, huyu anarusha sauti, yule anaipokea, mpaka pori lote linajibu. Ni Mswisi gani aliyepita Ituri kuwafundisha?

Na zile blues za Rodgers alizitoa wapi? Kwa Weusi aliofanya nao kazi ku reli. Mwezi wa 7 mwaka 1930 ni Louis Armstrong, mjukuu wa watumwa, aliyempigia tarumbeta. Kwa hiyo mnapotupa sahani ya Rodgers mnatupa pia kitu cha ndugu zetu waliovushwa bahari kwa minyororo.

Wakipsigis wa Kenya hawakuona haya. Walisikia sahani zake, jina lake wakalifanya Chemirocha, wakamwimba kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Hugh Tracey alirekodi wimbo huo mwaka 1950. Miaka miwili baadaye mtu yuleyule alifika Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake mpaka leo. Sisi je? Niulize wanafunzi wangu wa mwaka wa sita: majina ya wanasoka wa Ulaya wanayataja yote, Mwenda hawamjui. Na kosa si lao. Ni sisi wakubwa tulioamua kwamba gitaa si mila!

Marimba nayo, siku moja, mtu aliileta kijijini kwa mara ya kwanza. Je, wazee wa siku ile waliifukuza?

Ninaomba kitabu chetu kinachofuata kiweke kurasa kwa wazee wa gitaa, wakiwa bado wanaweza kuimba na kueleza. Kaseti zangu nitazileta. Anayekataa alete sababu zake kwa maandishi, nitamjibu.