Milango ya mtandaoni isifungiwe walemavu

Zamani mwananchi aliyetaka paspoti alirauka alfajiri na kupiga foleni katika jumba la Nyayo, na aliyetaka kumaliza masuala ya ushuru akaelekea Times Tower. Siku hizi foleni hizo zimehamia mtandaoni. Jukwaa la eCitizen lilianzishwa mwaka 2014, na kufikia katikati ya 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa humo. Mwaka uo huo, malipo ya huduma za serikali yaliagizwa kupitia nambari moja, 222222.

Mgala muue na haki yake mpe. Hatua hiyo imepunguza usumbufu na kuziba mianya ya hongo. Hata hivyo, sharti tuulize: mlango unapobaki mmoja tu, je, kila mwananchi anaweza kuupita?

Kipofu hutumia kompyuta au simu kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Nyingine, kama NVDA, hutolewa bila malipo. Programu hiyo husoma maandishi. Ikikuta picha isiyo na maelezo, hunyamaza au hutamka maneno yasiyo na maana. Ikikuta kitufe kisichopewa jina, husema "kitufe" basi. Kwa hivyo tangazo la kazi lililopigwa picha na kubandikwa kwenye tovuti ya wizara, kwake ni karatasi tupu. Kiziwi naye hutazama video ya waziri isiyo na maandishi wala mkalimani wa ishara, akaambulia midomo inayochezacheza.

Dhihaka kubwa iko kwenye kodi. Sheria inamwondolea mfanyakazi mwenye ulemavu ushuru kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ili apate nafuu hiyo, hutakiwa kutuma maombi kupitia iTax. Lakini kwa miaka mingi, anayeingia iTax ametakiwa kwanza kujibu hesabu ndogo inayoonyeshwa kama picha. Haki imetolewa, kisha ufunguo wake ukawekwa mahali ambapo mwenye haki haoni.

Matokeo yake tunayaona hapa mtaani Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, na kwa majirani zetu wa Kibera. Asiyeweza kuipenya tovuti huenda saiba, akamkabidhi kijana asiyemjua nambari ya kitambulisho, nywila na habari za mshahara wake. Vijana wengi wa saiba ni waaminifu, lakini haki ya mtu haifai kutegemea uaminifu wa mpita njia. Mwenye macho hufungua akaunti yake kwa siri. Kwa nini asiye nayo aianike yake?

Ikumbukwe kwamba sheria hazijakosekana. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufikia habari, na kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine mwafaka ya mawasiliano. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za walemavu mwaka 2008. Mwaka 2022 ilizinduliwa KS 2952, sanifu ya taifa kuhusu teknolojia ambazo walemavu wanaweza kuzitumia. Mwaka 2025 sheria mpya ya walemavu ilichukua mahali pa ile ya 2003. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa na walengwa ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu walemavu takriban 900,000 wa umri wa miaka mitano na zaidi. Uchaguzi wa urais wa 2022 uliamuliwa kwa tofauti ya kura zipatazo 233,000. Hata ukiwatoa watoto, nani atathubutu kuwaita waliosalia wachache?

Kuhusu gharama, tovuti ni kama nyumba: ni rahisi kuweka njia ya kiti cha magurudumu unapojenga kuliko kubomoa ngazi baadaye. Waandalizi wa Olimpiki za Sydney walijifunza hayo mwaka 2000, walipoamriwa kumlipa kipofu mmoja, Bruce Maguire, dola 20,000 za Australia kwa kuwa hakuweza kuitumia tovuti yao. Aidha, tovuti iliyopangika vyema humfaa pia mzee ambaye macho yamefifia, na mwenye simu duni na bando dogo.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanyike. Kwanza, mwanakandarasi asilipwe kabla ya tovuti yake kujaribiwa na walemavu wenyewe, wala si kwa niaba yao. Pili, kila wizara iache kubandika picha za barua na itoe maandishi yanayosomeka. Tatu, vituo vya Huduma Centre viendelee kuwahudumia ana kwa ana wale ambao mtandao bado umewafungia.

Walemavu wanalipa kodi na kupiga kura kama sisi sote. Serikali iliyochagua kuhamia mtandaoni haina budi kuhama na raia wake wote.