Huyo Mbwa Wenu Amefundisha Nani? Klasi, Karata na Pesa Tunazolipa Kuchanganyikiwa

Wacha nianze na ukali kidogo halafu tutulie. Ule mfano wa mnyama na mbwa, ambao karibu kila kozi ya programu inautumia kufundisha klasi, utupwe. Leo hii. Mnyama ana jina, mbwa anarithi kutoka kwa mnyama, mbwa anabweka, paka analia nyau, makofi, twende somo la nane. Wasee, ni mteja gani amewahi kukulipa umtengenezee mbwa wa kubweka kwa skrini?

Najua nitaambiwa, huyu aliacha chuo na sasa anataka kufundisha wahadhiri kazi. Sawa. Niliacha, lakini somo la klasi nilikuwa nimelipita kabla sijaacha. Nilichora mbwa na mnyama kwa karatasi ya mtihani, kwa kalamu ya wino, nikapewa alama zangu safi. Sikujua klasi ni ya kazi gani. Nilikuwa nimekariri tu, kama mtoto anayeimba wimbo wa taifa bila kujua maana ya "ilete". Na hakuna aliyegundua, hata mimi mwenyewe.

Hii hasira imerudi juzi. Binamu yangu, amemaliza kidato cha nne mwaka jana, alinitumia meseji saa sita usiku: "Brathe, hii kitu si ya watu kama sisi." Alikuwa amelipia kozi ya Python na pesa ya kuosha magari, miezi miwili ya kuamka saa kumi na moja. Wiki ya tatu wakaambiwa watengeneze mchezo wa karata. Maelekezo yalikuwa haya tu: andika klasi ya Karata, klasi ya Pakiti, klasi ya Mchezaji. Kwa nini hizo tatu? Hakuna aliyesema. Ni kama kuambiwa upike pilau halafu unapewa picha ya sufuria.

Yeye akaamua atatengeneza Kadi, ile yetu ya mtaani. Kama ulilelewa ndani ya geti bila majirani: unaweka karata inayolingana na ya juu kwa alama au kwa namba, 2 inamwokotesha mwenzako mbili, J inaruka mtu, K inageuza mzunguko, Q na 8 ni swali na lazima lijibiwe, A inabadilisha alama. Ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi". Mchezo mzuri sana wa kujifunzia, kwa sababu sheria unazijua kwa damu. Huhitaji mtu akufafanulie K inafanya nini.

Nikamwambia anitumie alichoandika. Wachezaji watatu, kila mmoja agawiwe karata nne. Akiendesha programu, kila mchezaji anaonyesha ana karata kumi na mbili. Zile zile kumi na mbili. Mmoja akiweka karata chini, inatoweka kwa wote watatu! Alikuwa amekaa na hiyo kitu siku nne. Siku nne akiamini ni kichwa chake kibovu.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Alikuwa ameandika mkono = [] moja kwa moja chini ya jina la klasi:

class Mchezaji:
    mkono = []

Hapo ametengeneza orodha moja, na ni mali ya klasi. Wachezaji wote watatu wanakula kwa sinia moja. Ili kila mtu apate sahani yake, orodha inafaa kuzaliwa wakati mchezaji mwenyewe anazaliwa:

class Mchezaji:
    def __init__(self):
        self.mkono = []

Ile self inayowasumbua wengi ni hiyo tu: mkono wangu, mimi niliyekaa kwenye hiki kiti. Nilimweleza hivyo kwa simu na akanyamaza, halafu akacheka ile kicheko ya mtu aliyeibiwa. Dakika tatu! Siku nne za kujiona mjinga zimeisha kwa dakika tatu, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba swali zima la klasi ni *hii ni ya nani?*

Na hapo ndipo ninagombana na wauza kozi. Mbwa na mnyama hawawezi kukufundisha hilo swali. Mbwa hana kitu chochote cha kugombaniwa. Hakuna anayemwibia mbwa jina lake. Lakini karata hamsini na mbili zinazunguka mezani, zinatoka kwa pakiti, zinaingia mkononi, zinaenda kwa rundo, na kila saa kuna mtu anaweza kuzipoteza au kuzirudufisha. Hapo ndipo unaelewa kwa nini mtu alihitaji klasi. Hata waliozivumbua hawakuanza na wanyama wa kufugwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kule Norway miaka ya 1960, walitengeneza lugha ya Simula kwa sababu walitaka kuiga kwa kompyuta vitu vingi vinavyotendeana kwa wakati, mfano watu na mashine kwenye foleni, kila kimoja na hali yake. Maumivu yalikuja kwanza, dawa ikafuata. Kozi zetu zinakumeza dawa halafu hazikwambii unaumwa wapi.

Mimi ningefundisha hivi. Andika Kadi bila klasi hata moja. Ndiyo, vibaya. Kuwa na mkono1, mkono2, mkono3. Andika fankisheni ya kuweka karata chini, uone inavyodai kupewa kila kitu: wachezaji, zamu ni ya nani, mzunguko unaenda upande gani, adhabu iliyobaki ya kuokota, alama iliyoombwa na A, pakiti, rundo. Halafu mleta jirani wa nne ajiunge. Utafungua mahali kumi kurekebisha, usahau pa kumi na moja. Ukishachoka hivyo, ndipo mtu akuonyeshe klasi, na utaishika kama mtu aliyenyeshewa anavyoshika mwavuli.

Kuna wale watasema mwanafunzi akianza na uchafu atazoea uchafu. Nimeisikia sana, na wanaoisema si wajinga. Lakini angalia binamu yangu: alianza na usafi wa kuigiza, klasi tatu zimepangwa vizuri, na ndani yake sinia moja. Uchafu unaouelewa unaweza kuusafisha. Usafi usioeleweka unaufagilia wapi?

Shida ya pili, na hii inaniuma zaidi, ni hii dini ya kurithi. Mtu ameangalia video mbili za mbwa na mnyama, anafika kwa karata, anaandika klasi ya Pakiti inayorithi kutoka kwa orodha ya Python, list yenyewe. Inaonekana ujanja, mistari michache. Lakini sasa pakiti yako imerithi tabia zote za orodha. Mtu yeyote kwenye programu anaweza kuingiza K ya tano katikati, au kuchomoa karata ya ishirini na moja bila kugusa ya juu. Ukicheza hivyo Kadi pale kwa ngazi za ploti utapigwa. Pakiti halisi inakuruhusu mambo machache sana: kuichanganya, kuchota ya juu, kuuliza zimebaki ngapi. Pakiti *ina* orodha ndani, imefungiwa. Pakiti *si* orodha.

Baadaye hao hao wanaandika klasi ya Mbili inayorithi Karata, klasi ya J inayorithi Karata, klasi ya K inayorithi Karata, kila moja na "athari" yake. Binamu yangu pia alikuwa ameanza hiyo barabara, si alionyeshwa mbwa? Nikamuuliza: K ikigeuza mzunguko, mzunguko ni wa nani? Akafikiria. "Wa mchezo." Kwa hivyo K yako itabidi iingie ndani ya mchezo ipekue, ibadilishe kitu ambacho si chake. Na kesho ukitaka kutengeneza mchezo mwingine kwa pakiti ile ile, K haigeuzi chochote. Ile karatasi yenye picha ya mfalme haijui kitu. Inajua alama yake na cheo chake, basi. Sisi ndio tumekubaliana ikianguka mezani tugeuke.

Tena hata hatujakubaliana vizuri. Kuna mahali jokeri inaokotesha tano, kuna mahali jokeri zinatupwa kabla ya kugawa. Kuna mahali 3 ni adhabu, kuna mahali ni namba tu. Nimeona urafiki ukiyumba juu ya kama unaweza kumaliza na A. (Huwezi. Usinijie.) Hiyo vurugu yote ni sheria, na sheria zinakaa kwa klasi ya Mchezo. Ukihama mtaa unabadilisha sehemu moja, na karata haziguswi.

Hata majina yanakuambia hivyo. Kopa, shupaza, uru, pau, haya majina ya Pwani yametoka kwa Wareno. Karata zimevuka bahari na karne, na zilipofika kila watu wakazichezea mchezo wao. Karata ni ile ile, mchezo ndio hubadilika. Mwalimu wa kozi angeanzia hapo nisingekuwa naandika hii kitu.

Kwa hivyo klasi nne, na kila moja ina sababu ya kuwepo. Karata ni data tupu isiyobadilika. Mtu mkali anaweza kukuambia haihitaji hata kuwa klasi, jozi ya alama na cheo inatosha, na simpingi. Pakiti inalinda mpangilio. Mchezaji ana mkono wake. Mchezo una zamu, mzunguko, adhabu, rundo na sheria. Pakiti ikiisha katikati, nani anachukua rundo, anaacha karata ya juu, anachanganya zilizobaki? Pakiti haijui rundo lipo, kwa hivyo ni kazi ya Mchezo. Unaona? Hukukariri, umejibu.

Na mtego mdogo niutaje kwa sababu umenishika mwenyewe: random.shuffle ya Python inachanganya orodha hapo hapo ilipo, hairudishi mpya. Ukiandika karata = random.shuffle(karata), umebaki na None, yaani hewa, na pakiti imeenda. Ni swali lile lile tena: nani amebadilishwa hapa?

Kitu kingine nilimpa bure, ambacho sikuona kwa kozi yake. Kila zamu ikiisha, programu ihesabu karata za pakiti, za rundo na za mikono yote. Kama unacheza bila jokeri lazima ziwe 52. Ukipata 51 mtu amemeza, ukipata 53 mtu amechapisha. Mistari mitatu hivi. Kwa ile programu yake ya kwanza, hiyo hesabu ingelia hapo hapo baada ya kugawa: 40 kwa pakiti, na mikono mitatu ya 12 kila mmoja, jumla 76! Angejua kosa liko wapi kabla ya kufika kwa "sisi si watu wa hii kitu".

Utasema siku hizi AI itakuandikia. Itaandika, nimejaribu. Niliiomba Kadi ikanipa klasi kumi na moja kwa sekunde chache, zimepangwa kama viatu dukani, moja inaitwa meneja wa zamu na sijui ilikuwa inasimamia nani. Inawezekana zilikuwa sawa zote. Lakini kama huwezi kuuliza "hii ni ya nani", huwezi kujua, na unarudi pale pale kwa mtihani wangu wa mbwa: alama safi, kichwa tupu. Tofauti ni kwamba mhadhiri hakunidai programu inayofanya kazi. Mteja atadai.

Wauza kozi, sisemi mfunge. Nasema kijana akikulipa na pesa ya kuosha magari, usimpe majina ya klasi kabla hajajua zinazuia nini. Ni wizi mdogo, lakini ni wizi.

Binamu ameendelea. Kadi yake inacheza sasa, maandishi tu kwa skrini nyeusi, inakuuliza unaweka ipi na ukidanganya inakukatalia. Tumebaki na ugomvi mmoja. Mimi nasema "niko kadi" ni ya Mchezo, kwa sababu mchezo ndio unaoadhibu ukisahau kutangaza. Yeye anasema hapana, kutangaza ni mdomo wa mchezaji, na mdomo hauwezi kuwa wa meza. Mchezo ukague tu kama mdomo ulifunguka. Tumebishana kuanzia Jumapili. Nafikiri ananishinda, na sijamwambia.